Kocha aliyekuuzia programu bila kukuuliza swali

Swali: Shikamoo dada. Nina miaka 38, watoto watatu, nauza mitumba pale Mlango Mmoja hapa Mwanza. Nilikuwa na kilo 84. Mwezi wa pili nilimlipa kocha mmoja maarufu mtandaoni, ana wafuasi zaidi ya laki tatu, shilingi 45,000 kwa programu yake ya "kilo 10 kwa siku 21". Alinitumia faili kwenye WhatsApp: asubuhi maji ya limao, mchana tango na yai moja, jioni chai yake ya kupunguza mwili ambayo niliinunua kwa shilingi 30,000, na kila siku kuchuchumaa na kuruka mara 100. Wiki ya kwanza nilipungua kilo 3. Siku ya saba akaniomba picha ya mzani akaiweka kwenye ukurasa wake, na mpaka leo ipo. Wiki ya pili nilipungua kilo moja. Wiki ya tatu goti la kulia likaanza kuuma, usiku moyo ukawa unaenda mbio, nikaacha. Sasa nina kilo 85. Nilipomwandikia akasema sikufuata maelekezo, ninunue awamu ya pili. Je, hawa watu wanasema kweli? Nitamjuaje mkweli? Na binti yangu wa miaka 15 anamfuata huyo huyo, ameanza kuruka chakula cha jioni.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nimekusoma mara mbili, na nitaanza na moyo, hayo mengine yanaweza kusubiri.

Ile chai iache leo. Usimalizie pakiti kwa sababu umeshailipia. Chai nyingi zinazouzwa kwa jina la kupunguza mwili huwa na sanamaki, majani ambayo bibi zetu walimchemshia mtu aliyefunga choo. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, na chakula kikishafika huko mwili umekwisha kufyonza karibu nguvu yake yote kwenye utumbo mwembamba. Unachokiacha chooni ni maji na madini, yakiwemo ya potasiamu ambayo moyo unayahitaji ili upige kwa mpangilio. Na hiyo ndiyo chai yenye nafuu. Zipo zinazochanganywa dawa kimyakimya. Sibutramini, dawa ya kuua hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya utafiti kuonyesha kwamba inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa watu ambao tayari wana matatizo ya moyo. Hata hivyo wakaguzi wa dawa wa nchi mbalimbali wameendelea kuikuta ndani ya chai, kahawa na vidonge vinavyoitwa vya asili, na kwenye lebo haijaandikwa. Dalili zake mojawapo ni moyo kwenda mbio na usingizi kukatika.

Simtuhumu kocha wako kwamba ameweka dawa hiyo. Nasema moyo wako umelalamika, na mtu mzima akilalamikiwa na moyo wake haendi kununua awamu ya pili. Wiki hii nenda ukapimwe presha, hata zahanati ya mtaani kwenu inatosha kwa kuanzia, na pakiti ya chai uibebe mkononi waone ulichokuwa unakunywa. Ukihisi kifua kinabana, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au pumzi inakata, usingoje wiki; nenda hospitali saa hiyo hiyo. Ukishatoka huko pakiti ipeleke TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, wana ofisi hapa hapa Mwanza, ili mwingine asiinywe bila kujua.

Sasa tuje kwa kocha mwenyewe. Kabla hajapokea zile elfu 45, alikuuliza nini?

Umeniandikia mambo mengi kwa uangalifu, hata idadi ya kuruka umeikumbuka, lakini sijaona mahali uliposema kwamba alitaka kujua umezaa mara ngapi, una presha au huna, unalala saa ngapi, kazini unakaa au unasimama, goti liliwahi kuumia, kuna dawa unayotumia. Mimi nafanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, kwa miaka 22 sasa. Mtu akija na goti, robo saa ya kwanza simgusi, namwuliza tu. Wengine hukereka, wanaona nawachelewesha. Bila majibu hayo sina cha kumpa, kwa sababu magoti mawili yanayouma mahali pale pale yanaweza kuhitaji mambo mawili yanayopingana kabisa.

Kocha asiyeuliza hajatengeneza programu yako. Amekutumia karatasi ile ile aliyomtumia kijana wa miaka 20 wa Nyegezi na bibi wa miaka 60 wa Bugarika mwenye sukari. Hapo ndipo mahali pa kwanza pa kumpima yeyote, awe na wafuasi laki tatu au thelathini.

Jambo hili si la kwetu peke yetu, na limewahi kufika mahakamani. Mwaka 2022 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Texas, Marekani, alimshtaki Brittany Dawn Davis, mwanamke aliyejipatia jina kubwa mtandaoni kwa kuuza programu za lishe na mazoezi za kati ya dola 92 na 300. Kwa mujibu wa mashtaka, wateja waliahidiwa mpango uliotengenezwa kwa ajili ya kila mmoja na kocha wa kuwafuatilia, kumbe walikuwa wanapata mpango wa jumla na ufuatiliaji hafifu au hakuna kabisa. Wapo waliokuja wakiwa na matatizo ya ulaji, wakiamini watapata msaada. Kesi iliisha mwaka 2023 kwa makubaliano ya kulipa dola 400,000. Fikiria, miaka yote hiyo ya kuuza, kilichomwangusha ni wateja kuanza kulinganisha walichotumiwa. Wewe unaweza kufanya hivyo leo. Mtafute mwenzako mmoja aliyenunua, mweke simu zenu pamoja.

Mahali pa pili ni hesabu. Nakuomba uifanye nami taratibu, kwa sababu ukishaiona mara moja hakuna atakayekuuzia tena kilo 10 kwa siku 21.

Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba takriban kalori 7,700, kalori hizi hizi zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Kilo 10 ni kalori 77,000. Gawanya kwa siku 21, unapata karibu 3,670 kila siku, na hizo ni za kupunguza tu, juu ya kile unachokula. Mwanamke wa umri wako, mwenye kilo 84, anayeshinda kwenye meza ya mitumba, kwa siku nzima mwili wake unatumia kama kalori 2,100: kupumua, kusimama, kubeba nguo, kupanda daladala, kupika, vyote. Huwezi kupunguza 3,670 kutoka kwenye 2,100. Hata kama usingetia kitu kinywani kwa siku zote 21 ukanywa maji matupu, mafuta ambayo yangeondoka yasingefika kilo 6. Kocha wako ameahidi matokeo makubwa kuliko ya mtu aliyeacha kula kabisa. Hahitaji kuwa daktari kulijua hilo. Anahitaji simu yenye kikokotoo, na ya kwake ni nzuri kuliko yangu.

Basi zile kilo 3 za wiki ya kwanza zilikwenda wapi, maana mzani haukudanganya?

Umewahi kusimama Igombe asubuhi dagaa wakianikwa? Dagaa wabichi kilo nne, jua likiwa zuri, wakikauka sawasawa unabaki na kilo moja na ushee. Hakuna aliyewakata vichwa. Maji yameondoka, basi. Mwili nao una akiba ya wanga kwenye misuli na ini, kama nusu kilo hivi, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na takriban gramu tatu za maji. Ukiacha ugali ghafla, mwili unaitumia akiba hiyo ndani ya siku chache, na maji yake yanatoka kwenye mkojo. Hapo karibu kilo mbili zimeondoka na hujaanza bado kuchoma mafuta ya maana. Ongeza utumbo uliobaki mtupu kwa sababu ya tango, na kama chai ilikuwa na sanamaki, ongeza na hiyo. Mafuta yalipungua pia, sikatai, ulikuwa na njaa ya kweli. Lakini siku uliporudi kwenye ugali na sato, akiba ikajaa, maji yakarudi mahali pake, na mzani ukapanda haraka kuliko uwezo wa mtu yeyote wa kunenepa. Hukulegea, mdogo wangu. Ndivyo mwili unavyofanya kazi.

Sasa angalia alikuomba picha ya mzani siku ya ngapi. Siku ya saba. Siku ambayo maji yameshatoka, goti halijauma bado, na kilo hazijarudi. Hakukuomba picha mwezi wa tatu. Ndiyo maana leo, ukiwa na kilo 85 na goti linalouma, wewe ni mmoja wa mashahidi wake. Kuna mwanamke fulani Geita au Bukoba anaangalia mzani wako usiku huu na kutoa simu alipe.

Hilo ndilo lililoniuma zaidi katika barua yako, na ndilo jibu langu kuhusu shuhuda. Wewe unafungua robota kila wiki. Unajua nguo ya juu inapangwaje, na unajua huwezi kukadiria robota zima kwa nguo ile. Ukurasa wenye picha 12 za waliofanikiwa haukuambii walionunua walikuwa wangapi, walioacha wangapi, na wale 12 wako wapi leo. Mwandikie aiondoe picha yako. Ni haki yako, na jinsi atakavyokujibu utamjua zaidi kuliko nitakavyokueleza mimi.

Kuna na ile kauli yake kwamba hukufuata maelekezo. Nimeisikia kwa wagonjwa wengi na huwa inanikasirisha. Ukipungua, programu imefanya kazi. Usipopungua, wewe umeshindwa. Kwa mpango huo hakuna siku kocha atakosea, na mtu asiye na namna ya kukosea hana namna ya kujifunza. Mtaalamu wa kweli mgonjwa asipopona huanza kujitilia shaka mwenyewe: labda nilisikia vibaya, labda mzigo ulikuwa mkubwa, labda tatizo liko kwingine. Halafu angalia kilichofuata baada ya lawama. Dawa ya kutofuata awamu ya kwanza ikawa kununua ya pili.

Nije kwenye picha za kabla na baada, maana zinavuta watu kuliko hesabu. Mwezi uliopita nilifanya jaribio na kijana mmoja wa kikundi chetu cha mchakamchaka tunaokutana alfajiri Capri Point. Alikuja kwangu saa nane mchana ameshiba ugali na sangara. Nikamsimamisha akitazama dirisha, mwanga ukimpiga mbele, tumbo kaliachia, mabega yameinama, kaptula chini ya kitovu. Nikapiga picha. Kisha akapiga pushapu seti tatu mpaka mikono ikatetemeka, akajipaka mafuta ya nazi kidogo, mimi nikavuta pazia la mbele nikaacha la pembeni wazi ili mwanga umjie kwa ubavuni na kuweka kivuli chini ya kila msuli. Kaptula juu, pumzi ndani, mabega nyuma, kidevu juu. Nikapiga ya pili. Kati ya picha hizo mbili zilipita dakika 35, na yote mawili ni matumbo ya mtu mmoja aliyeshiba chakula kile kile. Nilipowaonyesha wenzake, mmoja alikadiria miezi mitatu. Mwingine akauliza anatumia unga gani wa protini.

Hapo hatujagusa programu za simu za kupunguza kiuno kwa kidole.

Na hata mwili ukiwa wa kweli kabisa, umesimama mbele yako pale ufukweni unauona kwa macho, bado haukuambii ulijengwaje. Watu wengine wamezaliwa na mifupa na misuli inayoitika upesi. Wengine wamenyanyua vyuma miaka 15 na sasa wanauza programu ya wiki 6. Na wengine wanatumia dawa. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la wiki 10 kwa wanaume 43. Waliofanya mazoezi ya vyuma bila dawa waliongeza takriban kilo 2 za mwili usio na mafuta. Waliochomwa testosteroni, homoni ya kiume, kwa dozi kubwa wakakaa tu bila kunyanyua hata chuma kimoja waliongeza takriban kilo 3. Waliopata vyote viwili waliongeza kama kilo 6. Rudia kusoma hapo: aliyekaa na sindano alimzidi aliyetoka jasho bila sindano. Kwa hiyo mtu anayechoma sindano anaweza kukufundisha mazoezi mabovu kabisa, akawa na mwili wa kuchongwa, na akaamini kwa dhati kwamba mazoezi yake ndiyo yaliyomfikisha hapo.

Brian Johnson, Mmarekani aliyejiita Liver King, aliwaambia wafuasi wake kwa mamilioni kwamba kifua kile ni matunda ya kula maini mabichi na kuishi kama mababu, huku akiuza vidonge vya maini makavu. Desemba 2022, baada ya barua pepe zake kuvuja, alikiri kwamba alikuwa anatumia steroidi, dawa za kujenga misuli. Vijana waliokuwa wamenunua vile vidonge walikuwa wamenunua maini.

Sitaki uelewe kwamba kila anayefundisha mtandaoni ni mwongo. Wapo ninaowafuata mwenyewe, na nimejifunza kwao namna nzuri ya kumwonyesha mgonjwa zoezi. Video ya bure inayoonyesha mgongo ukae vipi unapoinua ndoo ya maji inaweza kuokoa mgongo wa mtu. Na huyo kocha wako, pamoja na yote, ndiye aliyekufanya uamke siku ya kwanza ukasema sasa nabadilika. Hamu hiyo ni yako, hajaichukua, usiitupe pamoja na chai.

Ukitaka kumjua mkweli, mwulize amesomea wapi na usione aibu, fundi gari unamwuliza pia. Katika mkoa wetu huu huu, kule Malya wilayani Kwimba, kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo, na wahitimu wake unaweza kuwakuta mashuleni na viwanjani. Wataalamu wa fiziotherapia wamesomeshwa kwenye hospitali ya KCMC Moshi kwa miongo mingi. Cheti peke yake hakitoshi, nimewaona wenye vyeti wakifanya uzembe, lakini asiyenacho na akakasirika ukimwuliza amekwisha kukujibu. Kisha mwulize ni mtu gani hawezi kumchukua. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Mkweli atakutajia papo hapo: mjamzito mwenye presha, aliyetoka kujifungua kwa upasuaji, mwenye kisukari anayechoma insulini, mwenye maumivu ya kifua. Atakwambia nenda kwa daktari kwanza kisha urudi. Anayesema programu yake inamfaa kila mtu anamfaa mtu mmoja tu, yeye mwenyewe. Na msikilize anavyozungumza kuhusu muda. Ukisikia miezi, kaa umsikilize. Ukisikia siku, hasa siku zenye namba nzuri kama 7, 14 na 21, funga mkoba.

Fedha zako si lazima uzisamehe. Tunza faili, risiti ya muamala na mazungumzo yote ya WhatsApp, mwandikie kwa adabu udai urejeshewe kwa sababu ahadi haikuwezekana tangu mwanzo, na umwonyeshe ile hesabu. Akikataa, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na malalamiko yanapelekwa Tume ya Ushindani. Elfu 75 ni mtaji wa siku kwa mtu wa Mlango Mmoja.

Goti sasa. Mtu anapotua baada ya kuruka, goti hubeba mzigo unaofika mara kadhaa ya uzito wa mwili wake. Wewe ulikuwa na kilo 84, ukapewa kutua mara 100 kwa siku, kuanzia siku ya kwanza, ukiwa na yai moja tumboni. Misuli huanza kupata nguvu ndani ya wiki chache, lakini kano zinazoishika kwenye mfupa huchukua miezi kuzoea mzigo mpya, na kwa mtu aliyeshiba robo huchukua zaidi. Ningeshangaa kama lisingeuma. Acha kuruka kabisa kwa sasa. Kutembea tambarare ni ruhusa, hata kunasaidia. Kama nyumba yako iko juu kwenye mawe, jua kwamba kushuka ndiko kunakolichosha goti kuliko kupanda, kwa hiyo shuka polepole, ngazi moja moja, ukishika ukuta. Mara tatu kwa wiki kaa kwenye kiti imara, inuka bila kusukuma kwa mikono, kaa tena taratibu ukihesabu mpaka tatu. Mara nane, pumzika, mara nane tena. Likiuma kidogo na maumivu yakaisha kabla ya kesho yake, endelea. Likivimba, likikwama, au likikuachia ghafla ukiwa unatembea, njoo hospitali utazamwe.

Kuhusu kupungua kwenyewe, lengo lako liwe nusu kilo kwa wiki, kilo mbili kwa mwezi, na kuna miezi haitafika. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku mbili. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano: shuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani na umeanza. Kile kiti ndicho mazoezi yako ya nguvu, ongeza kusukuma ukuta kwa mikono.

Kwenye chakula ningeanza na soda. Chupa ya mililita 350 ina kama gramu 35 za sukari, karibu kalori 140. Wauza mitumba ninaowafahamu hunywa mbili kwa siku bila kuziona kama chakula. Mbili kwa siku, kwa mwezi mmoja, ni kalori 8,400, zaidi ya kilo moja ya mafuta. Kama na wewe ni mmoja wao, hapo pana kazi kubwa kuliko tango zote za Kirumba. Ugali usiuache, upunguze, nusu ya sahani iwe matembele au mchicha, na kitoweo kiwepo kila mlo. Dagaa wakavu karibu nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa unawala na mifupa yao unapata na madini ya mifupa yako. Watu wa ziwani tunaagizishwa makopo ya unga wa protini ya laki na nusu huku gunia la dagaa liko soko la Mwaloni. Wachemshe kwanza umwage mchanga, usiwazamishe kwenye mafuta. Mkanda wa tumbo wasikuuzie pia: mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa watu 24, wiki sita za mazoezi ya tumbo peke yake, na mafuta ya tumbo hayakupungua. Mafuta huondoka mwili mzima, kwa mpangilio ambao mwili wenyewe umechagua.

Jipime mara moja tu kwa wiki, siku ile ile, asubuhi baada ya choo kabla ya chai. Na chukua tepu ya fundi cherehani upime kiuno usawa wa kitovu. Kuna wiki mzani utagoma na tepu ikasogea.

Nimemwacha binti yako mwisho kwa sababu ndiye anayenitia wasiwasi kuliko goti lako. Miaka 15 bado mifupa inajengwa, hedhi inajipanga, na kichwa kinasoma. Asiwekewe mlo wa kupungua na mtu yeyote, mimi nikiwemo. Usimnyang'anye simu, atafuata ukurasa ule ule kwa simu ya rafiki yake. Usimwambie amekonda au amenenepa, hata kwa sifa. Tazama mambo haya kwa utulivu: hedhi ikikosekana miezi mitatu, akizimia au kusikia baridi wakati wenzake hawasikii, akienda chooni kila baada ya kula, akijificha kula. Ukiona hata moja, mpeleke hospitali na useme wazi kwamba una wasiwasi na ulaji wake, usiseme tu amechoka.

Na kabla ya hapo kaa naye, fungua ukurasa wa kocha, tafuteni pamoja ile picha ya mzani. Inawezekana ameshaiona na kuipenda bila kujua ni ya nani. Mwambie mzani ule ni wa mama yake, mweleze siku ya saba ilikuwaje, na wiki ya tatu, usiku moyo ukienda mbio. Kisha pika chakula cha jioni mle sahani moja.